Freni ya Pili

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, maana ndoa yangu alinipa Yeye, na siku ile nilijipa mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa moniteri, yaani mwalimu wa kufundisha watu kuendesha, katika shule ndogo hapa Goma ambayo siku hizi haipo tena. Gari yetu ya mafunzo ilikuwa na freni mbili: moja chini ya mguu wa mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wangu mimi niliyekaa pembeni. Siku ya kwanza ya kazi nilimwonyesha baba yangu freni ile ya pili kama mtu anayeonyesha cheo.

Unaijua barabara ya Kibumba. Sisi moniteri tulipenda kuwapeleka wanafunzi kule kwa somo la mtelemko. Nikwambie ukweli, tulipenda zaidi kabichi na viazi, ambavyo kule ni rahisi kuliko mjini. Mwanafunzi alidhani yuko darasani, kumbe anatupeleka sokoni. Sote tulifanya hivyo, na kwa kuwa sote tulifanya, hakuna aliyeungama.

Mwanafunzi wangu siku ile aliitwa Mama Nsimire, mwenyeji wa upande wa Bukavu, mama wa watoto watatu. Kituo kimoja cha afya huko Himbi kilikuwa kimemwahidi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, mradi apate permi, yaani leseni. Wakati ule mwanamke dereva lilikuwa jambo la kuchekesha watu. Vijana waliokaa mbele ya shule walimtania kila asubuhi, naye hakuwaachia.

"Mucheke tu," aliwaambia. "Siku bibi yako atashikwa na uchungu, ni miye utaita."

Tulipofika Kibumba nilijaza buti, nikajaza kiti cha nyuma. Ukabaki mfuko mmoja wa kabichi. Nikauweka mbele, miguuni pangu, juu ya freni yangu, nikakunja magoti kando.

"Moniteri, utakaa muzuri hapo?" akaniuliza.

"Endesha, mama. Weye sasa ni shofere."

Alifurahi, mwanangu. Alinyoosha mgongo kama mtu aliyepakwa mafuta.

Katika mtelemko, mbele yetu alikuwapo baba mmoja juu ya chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, naye pia amebeba kabichi. Lori likatokea chini likipanda kwa kasi, limekula nusu ya upande wetu. Mama Nsimire akashtuka, akavuta volani, yaani usukani, kuume, na mguu wake, badala ya kwenda kwenye freni, ukaenda kwenye kanyagio la mafuta. Aliita mara moja tu: "Moniteri!"

Nikakanyaga. Nikakanyaga kabichi.

Tulimgonga yule baba kwa nyuma. Chukudu ilipasuka, mzigo wake ukasambaa barabarani, naye akaanguka juu ya mawe ya volkano, mguu umepinda vibaya. Mama Nsimire alitoka mbio akamkumbatia kichwa, akivua kitenge chake cha juu kumfunga damu. Watu wa mashambani wakaja wakipiga kelele. Na mimi, wakati macho yote yako kwa majeruhi, nilitoa ule mfuko miguuni pangu nikaumwaga kando ya barabara. Kabichi zangu zikachanganyika na kabichi zake. Hakuna mtu duniani angeweza kuzitenganisha.

Polisi wa barabara alifika. "Ni nani alikuwa ku volani?"

"Ni miye, papa," akajibu Mama Nsimire, kabla sijafungua kinywa. "Ni makosa yangu."

"Na weye, moniteri? Freni yako?"

"Ilikuwa gafula, shefu. Nilimwambia apunguze, hakusikia."

Sikuwa nimemwambia mama yule kitu. Huo ulikuwa uongo mtupu. Nilifundishwa, nami nilijua, kwamba ndani ya gari ya mafunzo anayejibu ni yule mwenye permi na mwenye freni ya pili. Lakini shule yetu ilikuwa na karatasi ambayo kila mwanafunzi alitia sahihi siku ya kwanza: makosa yangu barabarani nitayajibu mwenyewe. Mbele ya sheria karatasi ile haikuwa na uzito wowote. Nani angemwambia mama yule? Niliitoa kwenye gari, nikampa polisi. Mama Nsimire akalala kasho, yaani mahabusu. Yule baba wa chukudu walimkata mguu.

Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa maneno machache. Nilimsimulia habari yote kama nilivyoisimulia kwa polisi. Alisikiliza hadi mwisho, rozari mkononi, kisha akaniuliza swali moja.

"Miguu yako ilikuwa wapi?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza habari ya mfuko. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, "Kesho utaenda kusema vile umeniambia miye."

Nilienda, lakini si kesho yake. Nilienda siku ya nne. Nikamwambia yule polisi kwamba pengine na mimi nilikuwa na kosa. Unasikia neno hilo, pengine? Akacheka.

"Kijana, faili imeishaka kwenda parke, kwa mwendesha mashtaka. Mama amekubali mwenyewe. Unatafuta kasho ya bure?"

Nikamshukuru. Nilitoka pale nimepumua, mwanangu, nikakuta jua zuri nje, na nilifurahi. Sijui kama Shetani amewahi kunipa furaha nyingine kubwa kama ile. Baba aliponiona usoni alijua.

"Ulienda kujibu," akaniuliza, "ama ulienda kutafuta mutu wa kukukataza?"

Walipomwachilia Mama Nsimire nilikwenda kwake. Nilikuwa nimeamua kusema yote. Mume wake alikuwa ameketi mlangoni, hakuniitikia vizuri. Mama mwenyewe akatoka na chai kwa mikono miwili, amekonda, na kabla sijakaa alipiga goti.

"Moniteri, unisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha. Nikapokea kikombe. Nikanywa. Nikasema, "Imepita, mama."

Kituo cha Himbi kilimchukua dereva mwingine. Mumewe akarudisha familia upande wa Bukavu. Kisha zikaja vita, watu wakahama na kuhamahama, na kila kambi ilipojaa kule Mugunga nilizunguka mahema nikiuliza jina lake, huku nikiogopa kulipata. Padri aliniondolea dhambi zamani sana, namshukuru Mungu. Ila padri huyo huyo aliniambia kwamba maneno aliyoyasikia yeye hayakuwa yamemfikia mama yule.

Miaka mitatu iliyopita, katika ofisi moja, karani aliyenihudumia alisema jina la mama yake. Alikuwa binti wa Nsimire. Mama alikwisha kufariki. Hakugusa volani tena maisha yake yote, na kila mwaka, tarehe ile ile, alifunga kula kwa ajili ya yule baba wa chukudu aliyekatwa mguu. Nilimwambia binti yule kila kitu, nimesimama mbele ya meza yake, machozi yananidondoka. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, bila hasira:

"Muzee, sasa unaniambia miye kwa nini? Ye ndiye alikuwa wa kuambia."

 Jibu la swali lile nimelitafuta katika sala, na kila asubuhi nalitafuta tena.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe ambaye sasa ni moniteri kama nilivyokuwa mimi. Leo nawaona moniteri kwenye barabara ya Sake, simu sikioni, mwanafunzi anatetemeka peke yake, na wakigonga wanasema ni mwanafunzi. Kosa la mwanafunzi wako ni lako. Ulikaa kwenye kile kiti ili ulibebe. Usiwape watu karatasi za kujifungia wenyewe. Na ukikosa, sema siku ile ile, mbele ya yule aliyeumia, kwa maneno kamili, bila pengine. Usiende mahali ambapo watakukatalia kwa huruma. Na mwanafunzi wako mwambie: akikuona umesahau kazi yako, asimamishe gari, hata ukimcheka.

Sina tumaini la kurekebisha ya kwangu. Mungu wa rehema akupe kinywa chepesi cha kukiri na mtu aliye hai wa kumkiria. Akulinde uendako na urudiko, awalinde wote utakaowakuta njiani, na amani yake ikae nawe. Amina.