Mama Chini ya Lori

Sijamwambia mtu: leo mama ameingia chini ya lori la baba.

Ndiyo, mama yangu, na kanga zake!

Dada alishikwa na uchungu wa kuzaa, nalo lori lilikuwa linagonga vibaya. "Litaharibikia njiani, pale Nyabusozi, kabla ya kufika hospitali," baba akasema, akaenda kutafuta watu wa kumbeba kwa machela.

Mama akaniambia, "Litikise." Akaweka kiganja kwenye springi.

"Hapa. Mpira wa springi umelika, vyuma vinagongana."

Akapiga jeki, akaingia chini, akakata kipande cha kiatu chake cha ngozi, akakishindilia pale, akakaza nati.

Kumbe miaka yote akimshikia baba taa wakati wa matengenezo, alikuwa anajifunza!

Baba akarudi, akalijaribu. Halikugonga tena.

"Limepona lenyewe!"

"Labda limechoka kulia," mama akasema.

Dada amejifungua salama hospitalini.

Jamani, msimwambie baba. Mama ameniapisha, nami nimeshindwa kunyamaza.