Migomba Yangu Iliyojua Kiingereza

Nakwambia wewe kwa sababu tumetoka mbali, na najua hutanitangaza kanisani. Mimi huyu unayeniona naongoza maombi ya akina mama, utotoni niliwahi kuwasema watu wazima kwa Kiingereza, tena kwa maandishi, na toba yake mpaka leo naivutavuta.

Enzi zetu, pale Bweranyange, shule nzima ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza. Mwalimu Rwiza, aliyetufundisha darasa la sita, aliifunga kwenye kipande cha kitenge na kuiweka kabatini kama vyombo vya meza ya Bwana. Ukitaka kuigusa unanawa kwanza, na bado anakukagua kucha. Kila siku alitoa humo maneno mawili, makubwa makubwa, ya kujaza mdomo. Madogo hakuyataka. "Cow na cup mtafundishwa na wadogo zenu," alikuwa anasema. Na maana ya kukariri hakuitaka kabisa. "Niletee maana ya nyumbani kwenu. Neno lisilo na mtu wala kitu kwenu, hilo hujalijua."

Muhula ule akatangaza: atakayefika siku ya kufunga shule na maneno thelathini, kila moja na maana yake ya nyumbani, ataondoka na kamusi likizo nzima. Likizo nzima! Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Kulala na kitabu chenye maneno yote yale, kwangu ilikuwa kama kuambiwa nitalala na mkate. Niliitaka kamusi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Shida ikawa daftari. Langu lilijaa mapema, na jipya lilikuwa mpaka kahawa ivunwe. Nikahamia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba linaloizunguka nyumba. Wewe uliyekulia kwenye migomba unajua: ukichora shina kwa mwiba wa mlimao, mwanzoni huoni kitu. Ukirudi kesho yake, utomvu umeshageuka kahawia na herufi zimetoka kama za kupigwa chapa. Nikachagua migomba mitatu mikubwa mbele ya nyumba, ya mashina manene, mikungu imeinama. Nikienda kupalilia nasoma, nikienda kuchota maji nasoma.

Na maana nilizitafuta humo humo nyumbani, kama alivyoagiza. OBSTINATE, asiyesikia la mtu: Baba. GLUTTON, mlafi: baba mdogo Deo, aliyekuwa akisikia sufuria inafunuliwa ndipo anakumbuka kuja kutusalimia. LOQUACIOUS, mwenye maneno mengi: jirani yetu Ma Justa, aliyeanza kuaga saa tisa akaondoka jua limezama. PROCRASTINATE, kuahirisha: kaka yangu Projestus na paa la jiko aliloahidi tangu Pasaka. Neno na jina, neno na jina, mpaka ishirini na tisa. La thelathini, IRASCIBLE, mwepesi wa hasira, nilitafuta mtu nyumbani nikakosa. Nikaliandika peke yake kwenye kimgomba cha nyuma ya choo, mahali ambapo hatembezwi mgeni, na jina la mtu wake nikaliacha Mungu alijue.

Siku tatu kabla ya kufunga shule, wakaja watu kumchumbia dada. Wakapewa kahawa za kutafuna, na Baba, kwa desturi yetu, akawatembeza kibanjani waone familia wanayoiingia inalimaje. Kati yao alikuwemo baba mkubwa wa mchumba, karani mstaafu. Akasimama mbele ya mgomba. Akatoa miwani.

"Nani ameandika hapa?"

"Huyu binti yangu," Baba akasema, kifua mbele. "Ni mtu wa vitabu. Hebu tusomee, mkwe, naona na jina langu hapo."

Mzee akanitazama. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Anasema wewe ni mtu wa msimamo."

"Eee! Umesikia, Deo?"

"Na mimi je?" Baba mdogo akajisogeza. "Mimi kaniandika nini?"

Mzee akakohoa. "Wewe... kwamba chakula cha watu hukidharau."

"Kweli kabisa! Mtoto ananijua huyu!"

Ma Justa, ambaye hakuna aliyemwita, naye akadai lake. Akaambiwa kwamba kwake hakukosekani mazungumzo. Akanikumbatia mbele ya wageni.

Furaha ya Baba ndiyo iliyoniponza. "Wageni kama hawa hawali ndizi za hivi hivi," akasema. "Watakula za migomba iliyosoma!" Akaagiza mundu. Unajua mkungu ukishakatwa, shina halina kazi tena, linaangushwa. Mgomba wa kwanza, puu. Wa pili. Wa tatu. Mama akanikuta nalia nyuma ya jiko, akadhani namlilia dada. Kufika jioni mashina yalishakatwakatwa, mengine yametandazwa shambani, mengine wamepewa ng'ombe. Maneno yangu ishirini na tisa yalikuwa yanacheuliwa.

Siku ya kufunga shule, rafiki yangu Adventina akasimama na daftari lenye jalada la gazeti, akasoma thelathini bila kukwama. Mwalimu akalichukua, akalifunga. "Sasa niambie tena." Adventina akapata saba, nane, akaanza kutazama dari. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Wewe. Daftari lako liko wapi?"

"Limeliwa, mwalimu."

"Na nani?"

"Na wakwe."

Darasa likaangua kicheko. Fimbo ikalia mezani, kikakatika. Nikafumba macho nikaanza kutembea kibanjani. Hapa Baba, obstinate. Hapa baba mdogo, ananusa hewa. Hapa Ma Justa, bado anaaga. Migomba ilikuwa chini, lakini watu wote walikuwa wamesimama mahali pao. Kumi. Ishirini. Ishirini na tisa.

"Moja bado," akasema mwalimu.

Nililijua. Ningeweza kusema nimesahau, lakini Jumapili iliyopita tu nilikuwa nimesimama kukariri amri kumi mbele ya washarika. Na kamusi ilikuwa pale mezani, kitenge kimefunguliwa.

"Irascible, mwalimu. Mwepesi wa hasira."

"Maana yake ya nyumbani?"

"Nyumbani sikumpata, mwalimu."

"Umempata wapi?"

Nikatazama fimbo. Darasa zima likatazama fimbo. Mshipa wa paji la uso ulikuwa umemsimama Mwalimu Rwiza, kisha mdomo wake ukaanza kumchezacheza upande mmoja. Akaifunga kamusi kwenye kitenge, akanisukumia.

"Ichukue uende, kabla sijakuonyesha maana yake."

Sekondari sikuipata wakati ule. Nilikuja kuisoma nikiwa mama wa watoto wanne, madarasa ya jioni, natoka shamba nakimbilia dawati. Kijana aliyetufundisha alishangaa huyu mama maneno haya kayatoa wapi. Wanangu wana kamusi kwenye simu. Wanauliza neno, simu inajibu kabla hawajameza mate, na kesho wanauliza lile lile. Juzi nilimuuliza wa mwisho, "Obstinate ni nani?" Akanisahihisha: "Mama, si nani, ni nini." Nikamhurumia. Kwao neno halina ndugu. Mimi wangu wengi sasa wamelala vibanjani mwao, migomba mipya imewainamia, lakini neno likitajwa tu, namwona mtu anakuja njiani, naanza kucheka kabla hajafika.

Basi usikae na habari hii peke yako. Msimulie mliyekaa naye dawati moja, na ukimpata kijana mwenye simu msimulie pia, apende asipende. Ukimaliza, mpe neno moja gumu, umwambie akalitafutie mwenyewe kijijini kwao.