Shikamoo Kutoka Uvunguni

Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko, pale mji wa Morogoro unapokwisha na Uluguru unapoanza kupanda. Sakafu ya sebule ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, na chini yake kuna uvungu ambao mtu mzima huuingia kwa tumbo. Mchwa waliingia bila taabu. Kwa miaka mitatu sebule ilibonyea katikati kama kitanda cha kamba, na kwa miaka hiyo mitatu nilimwambia mke wangu, "Nitaishughulikia." Mimi ni mtu wa nyumbani, nilidhani kukaa ndani ya nyumba ndiko kuitunza.

Kisha binti yetu akaja kuposwa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye usemi. Baba hukaa kwenye kiti, akakohoa inapobidi. Hata hicho kiti nacho kinahitaji sakafu. Binti hakuniomba mengi: "Baba, wageni wasizame tu. Nitaficha wapi uso wangu?"

Fundi nilimkataa. Nina kidato cha nne, na nina jeki ya gari nililokwisha kuuza. Siku ya siku wageni walisema watafika saa nne, basi nami nikaingia uvunguni saa tatu na nusu, maana washenga wa saa nne huja saa saba. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Hawa walitoka Mikese, hapo jirani tu, na saa nne kamili walikuwa mlangoni.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, jeki chini ya boriti, nguzo mpya ya mti bado pembeni, niliposikia viatu juu ya kichwa changu. Vumbi likaniingia machoni. Nikamsikia mke wangu akisema kwa sauti tamu, "Mwenzangu yuko Dakawa, mambo ya mpunga. Atatukuta."

Mimi sijawahi kulima hata mchicha.

Wakakaa. Wote, pale pale katikati. Jeki ikaanza kuzama kwenye udongo, polepole, na boriti ikalia. Nikinyamaza, wakwe watanidondokea mgongoni. Nikisema, nimemuumbua mke wangu. Nikasema. Na kwa kuwa nililelewa, nikaanza na salamu.

"Shikamooni, wazee."

Kisha sauti nzito: "Marahaba. Nani huyo?"

"Baba wa binti."

"Si yuko Dakawa?"

"Nimerudi. Naomba msogee upande wa dirishani. Mmoja mmoja, tafadhali."

Shemeji yangu, huyo mjomba mwenye usemi, akapata la kusema. "Msishangae, ndugu zangu. Shemeji huyu hatoki nyumbani, hata akisafiri."

Wakacheka. Sauti ya binti yangu sikuisikia humo.

Mara mwanga wa tundu la uvungu ukazibwa. Mshenga mwenyewe, mzee wa mvi, alikuwa amevua koti na shati, anatambaa na fulana kuja nilipo. Mgeni wa heshima huyo! Nilitamani udongo unimeze badala ya jeki.

"Umeiweka kwenye udongo mtupu, mzee mwenzangu? Lete kipande cha ubao."

Tukaweka ubao chini ya jeki. Akazungusha nusu, akangoja, akazungusha tena nusu. "Usiikimbize, boriti itapasuka." Boriti ilipopanda, akasimamisha nguzo, akaigonga kwa tofali hadi ikakazika.

Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Mtatufikiriaje?"

"Tumekuja kuposa binti. Nyumba hatukuiposa."

Tulipotoka, binti alikuwa amesimama na birika na beseni, amevaa gauni lake jipya. Akapiga magoti. "Shikamoo, babu. Pole sana." Akammiminia maji, akampa sabuni, akamfuta vumbi mgongoni kwa khanga yake mwenyewe.

Nikanyoosha mikono yangu.

Akaweka birika chini karibu na miguu yangu, bila kuniangalia, akaingia ndani kuitikia posa. Nilinawa mwenyewe, taratibu sana, nikiomba uchafu usiishe.