Kikombe cha Maji ya Shimo

Dada yangu alikuwa akiuza uji Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, wakati wachimbaji walipoanza kuhara damu. Mwenye shimo kubwa, mzee mnene asiyeachana na redio yake, akasema uji ndio umeleta ugonjwa. Aliipiga teke sufuria mbele ya watu. "Mama, peleka sumu yako kwenu Homa Bay!" Niliapa kumlipiza.

Kisha dada naye akashikwa. Nilimpeleka zahanati akiwa amejikunja kwa maumivu. Shule niliiacha mapema lakini maswali sikuyaacha, nikamsumbua nesi. Akaniambia ni bakteria: hutoka kwenye choo cha mgonjwa, huingia kinywani kwa mikono, nzi au maji. Alimpa dada vidonge, na maji ya chumvi na sukari ya kunywa kidogo kidogo.

"Lakini uji unachemka, sista," nikasema.

"Uji uliochemka hauna kosa. Vikombe anasuuza kwa maji gani?"

Alisuuza kwa maji yaliyovutwa kutoka shimo kubwa, yale yale tuliyooshea mchanga wa dhahabu na kuyanywa jua likiwaka. Nikarudi kuchunguza. Masara hatukuwa tukichimba vyoo. Shimo lililoisha dhahabu ndilo lililokuwa choo. Nami nilikuwa nimetambaa huko chini, nikajua choo chetu na shimo kubwa vilichimbwa kufuata mwamba mmoja wa dhahabu hadi vikakutana chini kwa chini.

Asubuhi, kabla watu hawajashuka, nilijaza kikombe maji ya shimo nikampelekea mzee kwa mikono miwili, nikamwita mzee kwa Kiluo, kwa heshima zote.

"Jaduong', karibu maji."

"Nimekunywa chai."

"Onja tu, mzee wetu. Si uji huo."

Watu wakacheka. Nikawaeleza habari za mwamba na choo.

"Kunywa basi, jaduong', tuone!" mchimbaji mmoja akapaza sauti.

Mzee alikitazama kikombe, akamwaga maji chini. Hapo nikajua nimempata.

Hakuna aliyeshuka. Walihamia shimo la jirani, aliyekubali kuchimba choo mbali na maji, na dada alipopata nguvu alipika uji huko, akisuuza vikombe kwa maji ya moto. Mzee akaja kunisihi niwarudishe watu.

"Kwanza mwombe dada yangu msamaha," nikamwambia.

Alikataa. Shimo lake likafurika maji kwa kukosa watu wa kuyavuta, na nilikuwa nikienda kulitazama kwa raha zangu.