Mzee Maswali na Mwanafunzi Wake Mmoja

Jina halisi la seremala yule lilijulikana na mkewe na karani wa kanisa tu. Wengine wote walimwita Mzee Maswali, naye hakuchukia. Miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la kipaimara, na hakuna aliyekaribia meza ya Bwana bila kupita mikononi mwake. Alikuwa na daftari lenye maswali arobaini, na ukikosa hata moja umekwisha. Hata mchungaji wa sasa, alipokuwa kijana, aliwahi kuangushwa mara mbili.

Aliyeanguka kuliko wote alikuwa binti yake mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwepesi wa kucheka, na akili yake haikuvuka ya mtoto wa miaka mitatu. Kutwa alishinda karakana akiokota misumari kwenye maranda, akaitia koponi, akaimwaga, akaanza upya. Kila mwaka baba alimkalisha mbele yake, akavaa miwani, akasoma swali la kwanza: "Wokovu ni nini?" Binti akamvuta ndevu. Baba akaandika: hajafaulu. Eti yeye hana upendeleo! Siku hiyo chai ya nyumbani ilikosa sukari, wala hakuthubutu kuuliza imekwenda wapi.

Msimwone mkavu, aliumia. Kila alipokwenda mezani na kumwacha binti nyuma akimpungia mkono, aliutafuna mkate akitazama sakafu. Aliogopa. Asiyeielewa Injili ataiamini vipi, na asiyeamini atakwenda wapi? Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya ashike daftari kwa nguvu zaidi.

Mwaka huu mkewe alichoka kununa.

"Tulipompeleka kubatizwa, kachanga ka miezi miwili, alijibu nini?"

"Mke wangu, alikuwa hasemi. Nilimjibia mimi."

"Sasa amekuwa mhubiri? Si bado hasemi? Kamjibie tena. Mungu hapimi watu kwa futi kama wewe na mbao zako."

Mzee alichukua daftari lake, akatoka kwenda karakana.

Siku ya mtihani alimkabidhi mchungaji daftari, akaketi benchi la wanafunzi, ubavuni mwa binti yake.

"Leo uliza wewe, Mchungaji. Namjibia mwanangu."

Mchungaji alijikaza asicheke. "Haya, Mzee. Wokovu ni nini?"

Jibu lile alikuwa akilikariri hata usingizini. Lakini binti alikuwa amemshika kidole, anamtazama usoni, na maneno yote yakamtoroka. Wanafunzi wakakodoa macho.

"Mchungaji," alisema mwishowe, "mimi nataka tu na yeye awepo."

Mchungaji alipekua daftari, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hilo humu halimo. Kwa sheria yako mwenyewe, Mzee, umeanguka. Na bado meza ya Bwana haikufukuzi. Binti naye aje Jumapili."

Jumapili binti alipokea mkate, akautafuna, kisha akanyoosha mkono tena aongezwe. Mchungaji akasita, akamtazama baba mtu.

"Mpe," alisema seremala, machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja. "Mpe na fungu langu."