Mama Sabuni, fundi wa sauti anayetazama mkono wa wifi yake

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa chuo cha ualimu bado unanuka dawa ya kusafishia sakafu. Viti vimepangwa, watu hawajaingia. Nyuma kabisa, kwenye meza ya sauti iliyojaa vitufe, mwanamke wa makamo ameshika maiki isiyo na waya kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umetulia juu ya kitufe kimoja.

"Sukari," anasema. "Sabuni. Shuka. Msumari."

Maneno yanatoka kwenye spika za mbele na kuzunguka ukumbi. Katikati ya viti anatembea mwanamke mwingine, mnene, wa mwendo wa taratibu, miwani ikining'inia shingoni. Anasimama, anainamisha kichwa, kisha anashusha kiganja. Fundi anarudisha kitufe nyuma kidogo. Kiganja kinashuka tena. Fundi anarudisha tena, mpaka kidole gumba kinapanda juu.

Muda wote huo fundi hajaondoa macho kwenye ule mkono.

Wateja wake humwita Mama Sabuni, na wageni huchukulia kwamba anauza sabuni. Wako waliowahi kumpigia simu kuuliza bei ya katoni. Jina lilitokana na maneno yake ya majaribio. Mafundi wengine hupima maiki kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Yeye aliona mapema kwamba hesabu hazimwonyeshi kitu, maana sauti nyembamba ndizo zinazoharibika kwanza, na sauti nyembamba zimejaa kwenye vitu vya dukani.

"Ukisikia 'shuka' vizuri ukiwa kiti cha mwisho, kila neno la mhadhiri utalisikia," anasema.

Kazi yake ni kuzifungia taasisi vyombo vya sauti na picha: spika, projekta, maiki zisizo na waya. Kisha anavitunza. Lakini kinachomtofautisha na wauzaji wa mjini ni namna anavyolipwa.

Zamani alikuwa karani wa ofisi moja ambayo projekta yake ilizimika kila penye mkutano. Siku moja alitumwa stoo kutafuta karatasi, akakuta spika mpya kabisa, bado zimevaa nailoni, zimefunikwa vumbi. Amplifaya, mashine ya kuzikuzia sauti, ilikuwa imekufa fyuzi. Muuzaji alishachukua chake na kwenda zake, na hakuna aliyejua amwite nani.

"Iliniuma," anasema. "Kitu kizima kimezikwa hai kwa ajili ya fyuzi."

Alijifunza ufundi, akaacha ukarani. Leo hukopa benki, hununua vyombo, huvifunga, na taasisi humlipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano. Deni likiisha, vyombo vinakuwa vyao. Sharti lake ni moja: mwezi ambao chombo kimenyamaza, mteja halipi.

"Benki yenyewe haina habari za kunyamaza," anaongeza huku akicheka. Karibu nusu ya anachokusanya hurudi huko, na sehemu kubwa ya kinachobaki huishia kwenye betri na vipuri. Bado ameweza kusomesha watoto na kujenga vyumba vitatu, na hajawahi kuchelewesha rejesho.

Yule mwanamke mwenye miwani ni wifi yake, dada wa mumewe. Alikuja kumsaidia kubeba waya baada ya cherehani yake kuharibika, akasema atakaa wiki moja. Huu ni mwaka wa tisa. Wanataniana kutwa, na asiyewajua angedhani wanagombana.

Lakini mwaka jana waligombana kweli.

Chuo hiki kilikuwa kimemwahidi Mama Sabuni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: kumbi zote na madarasa yote, mkataba wa miaka mitano. Kabla ya kusaini, viongozi walitaka kumwona akifanya kazi siku ya mahafali. Wiki hiyohiyo binti wa wifi alijifungua, na wifi akasafiri kumwangalia mjukuu. Mama Sabuni akaenda peke yake.

Alipima ukumbi kama kawaida. Sukari, sabuni, shuka. Aliona maneno yamefifia, akapandisha kitufe cha sauti nyembamba, akapandisha tena, mpaka yakamkaa sawa sikioni. Mahafali yakaanza. Alisimama nyuma ya meza yake akitabasamu.

"Nilijisifu, kwa kweli," anakumbuka. "Nikasema leo nimeipatia."

Wakati huo watu walikuwa wameziba masikio. Kila mzungumzaji aliposema, spika zilitoa mluzi mkali unaopenya kichwani. Watoto walilia. Mama mzazi wa mhasibu wa chuo, aliyealikwa kumwona mjukuu wake akihitimu, alitoka nje na hakurudi. Mama Sabuni aliona watu wakikunja uso na akadhani ni joto. Hakuusikia ule mluzi hata kidogo.

Wifi aliporudi na kuhadithiwa, hakushangaa. Akatoa jambo alilolificha mwaka mzima. Kila mara Mama Sabuni alipomaliza kupima na kwenda kufunga masanduku, yeye alikuwa akipita mezani na kukirudisha kitufe kile chini. Alianza siku moja kwenye nyumba ya ibada, alipoona wazee wakisugua masikio. Hakutaka kumwaibisha. Baadaye ikawa sehemu ya kazi, sawa na kukunja waya.

"Nilikasirika sana," anasema Mama Sabuni. "Mwaka mzima mtu ananifuata nyuma kama ninayefagia vibaya. Mimi ndiye fundi. Sikio ndiyo kazi yangu."

Kwa siku kadhaa walipakuliana chakula bila kusemezana. Mwishowe wifi ndiye aliyempeleka kwa daktari wa masikio, na ndiye aliyeshika mkoba wake alipokuwa ndani. Daktari alimweleza kwamba miaka mingi ya kusimama karibu na spika imeua uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na uwezo huo haurudi. Sauti nene anazisikia vizuri, ndiyo maana hakugundua. Alilia ndani ya teksi, na hafichi hilo.

Wakati bado anajiuliza afanye nini, mhasibu wa chuo alimpigia simu. Alisema kamati imekaa na kuona kosa ni la mashine. Abadilishe amplifaya, alete ya aina nyingine, watasaini.

Njia ilikuwa nyeupe. Wifi alimshauri aipite: abadilishe mashine, wasaini, naye atakuwepo kukishusha kitufe kama siku zote. Nani atajua?

Mama Sabuni alilifikiria shauri hilo. Alikuwa ameshaanza mazungumzo na benki, na kiwanja cha karakana yake ndicho kingewekwa rehani. Kazi ikimponyoka, alijua hatapata nyingine ya namna hiyo. Akisema ukweli, nani atamwajiri fundi wa sauti asiyesikia?

"Ningekuwa nauza na kuondoka, huenda ningedanganya," anasema polepole. "Lakini hawa nitakula nao miaka mitano. Nitawaangaliaje usoni kila mwezi? Na wifi yangu akiugua, je?"

Alikwenda ofisini kwa mhasibu na hakuzunguka.

"Mashine ni nzima, baba," alimwambia. "Kibovu ni sikio langu. Mluzi ule sikuusikia."

Mhasibu aliweka kalamu chini. Kisha akauliza kwa nini anajichongea, wakati wao walishailaumu mashine.

"Mashine haina wa kuisemea," alijibu.

Mhasibu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ananiambia alibabaika. Mama yake alikuwa ameumwa kichwa siku mbili kwa sababu ya ule mluzi, na hakuusahau kirahisi. Anasema alishawasikiliza wauzaji wengi, na wote huja wakieleza uzuri wa walichokileta. Huyu alikuja kueleza ubaya wake mwenyewe. Ila kamati haikai kwa huruma, kwa hiyo alimuuliza swali la kihasibu: huyo anayesikia yumo kwenye mkataba?

Hakuwemo. Kwa miaka yote hiyo, wifi alikuwa akipewa posho tu, na kwenye karatasi hakuwa na jina.

Hilo, Mama Sabuni anasema, lilimchoma kuliko habari ya daktari.

Mkataba uliandikwa upya. Sasa una mafundi wawili, na kila mmoja ana fungu lake. Hakuna ukumbi unaopokelewa mpaka wote wawili wameukubali. Wateja wengine nao aliwaeleza, mmoja baada ya mwingine. Chama kimoja cha akiba kilimshukuru na kutafuta fundi mwingine. Waliobaki wamebaki.

Leo ndiyo siku ya kupokea ukumbi. Mhasibu anaingia, na nyuma yake yuko mama yake mzazi, mkono mmoja tayari uko sikioni. Anakaa kiti cha mwisho. Mama Sabuni anaangalia huku na huku, kisha anamtupia wifi yake jicho na kumpa maiki.

"Leo sema wewe," anamwambia.

Wifi anakataa, anasema yeye si mtu wa maiki. Anabembelezwa, anavaa miwani kana kwamba anataka kusoma. "Sukari," anasema kwa aibu. "Sabuni. Shuka. Msumari." Kule nyuma, bibi anashusha mkono wake mapajani na kuuacha hapo.

Mhasibu anasaini hati ya kupokea ukumbi, kisha Mama Sabuni. Wifi naye anasaini chini ya jina lake, taratibu, akiinua kalamu baada ya kila herufi.

Wakikunja waya, Mama Sabuni anaeleza mpango wake. Anataka kununua kifaa cha kusikilizia cha kuvaa sikioni. Ni ghali, lakini muuzaji amemkubalia alipe kidogo kidogo. Alimuuliza kama mwezi ambao kitanyamaza hatalipa. Muuzaji akacheka, akasema hajawahi kusikia sharti la namna hiyo. Bado wanavutana.

Namuuliza alisikia nini wifi yake alipokuwa akisema.

"Nilisikia 'ukari'," anasema. "Ile 's' ya mbele niliiweka mwenyewe, kwa kumwangalia mdomo." Anafunga kamba ya waya na kuiweka sandukuni. "Miaka tisa huyu ananiongelesha. Kifaa kikija, nataka kwanza anikalie karibu aniite tu 'wifi yangu, shoga yangu'. Nisikie alivyokuwa akiniita."