Daftari la Kijani la Jirani Yetu

Wiki iliyopita, pale kituo cha Porte de Namur, huku Ulaya, binti mmoja alininyooshea kalamu nikaikataa. Walikuwa Waayalandi wachache, wamesimama karibu na mlango wa metro na meza ndogo, mikononi wana picha za ndugu zao waliouawa zamani katika vita vya kwao. Waliomba sahihi ili serikali ya Uingereza iseme ukweli kuhusu vifo vile. "Ni jina tu, monsieur," binti aliniambia kwa Kifaransa, kwa adabu. Nikashuka ngazi upesi kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, nikaketi kwenye benchi, na treni mbili zikapita bila mimi. Moyo ulinidunda kama wa mtoto wa miaka kumi. Acha nikueleze sababu, maana wengine wote ambao ningewaeleza wameshaondoka.

Tulikaa Anderlecht, upande mwingine wa jiji hilihili, jirani na mfereji, enzi ambazo Waafrika wa mtaa ule ungewahesabu kwa vidole. Baba alitoka Kivu kuja kusoma ufundi. Masomo yakaisha, akapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, na kila mwaka alikwenda ofisi ya komini, yaani manispaa, kuomba kibali cha kukaa mwaka mwingine. Nyumba ilikuwa na ngazi za mbao zilizolia kila ulipokanyaga. Asubuhi zilinuka kahawa na makaa ya mawe. Jumapili zilinuka sambaza wakavu, dagaa wa ziwa la kwetu, ambao mama aliletewa na wasafiri, na majirani wakafungua madirisha.

Juu yetu alikaa mwanamke wa Ayalandi, mpiga taipu, ambaye mgongo wake ulikuwa mbovu. Kwa hiyo kazi yangu baada ya shule ilikuwa kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kujaza ndoo mbili za makaa, moja yetu, moja yake. Niliogopa kule chini. Nilikuwa naimba kwa sauti ili nisisikie panya. Malipo yangu yalikuwa mkate alioumua kwa magadi na maziwa ya mgando, mgumu nje, mwororo ndani, na siagi yenye chumvi juu yake. Nilikaa kwake mpaka mama aanze kugonga dari kwa ufagio.

"Uhamie kule juu basi," mama alinitania. "Bon, watakupatia na jina ingine."

"Na mukate kila siku," nilijibu, nikapigwa kofi jepesi la kichwa.

Jirani yule alikuwa na ndugu yake wa kiume gerezani kwao, kaskazini mwa Ayalandi. Hakuwa amepelekwa mahakamani. Waingereza walimchukua tu, pamoja na wengine wengi, kwa sababu alikuwa wa wale waliotaka Ayalandi yote iwe jamhuri moja. Mama yao alikuwa mgonjwa sana, na ombi la jirani lilikuwa hilo moja: ndugu atoke amwone mama akiwa hai. Majira yote ya baridi alizunguka na daftari lenye jalada la kitambaa cha kijani, akikusanya sahihi za kupeleka kwa wakubwa. Mwoka mikate alisaini, kinyozi Mwitaliano alisaini, masista wa shule yangu pia.

Alipofika mlangoni kwetu, baba alivua kofia na kusema, "Madame, sisi ni wageni hapa." Alipokwisha kufunga mlango, alimgeukia mama. "Jina yako ikiingia mu karatasi ya batu, haiko yako tena."

Tulijua alikuwa anamsema nani. Kaka yake mkubwa aliwahi kuandika jina kwenye karatasi ya mkutano, huko kwetu. Baadaye askari walikuja sokoni na karatasi ileile wakaisoma kwa sauti. Jina lake lilipotajwa, baba mkubwa aliitikia, "Niko." Hakurudi nyumbani.

Lakini mimi nilikuwa mtoto mla mkate wa watu, na niliona aibu. Daftari lilikuwa na mstari wa kila mlango wa jengo letu, na mstari wetu ulikuwa mtupu. Siku moja, jirani akiwa anachemsha chai, nilishika kalamu nikaandika jina la baba, lote, kwa mwandiko ambao mwalimu alikuwa akiusifia. Alipouona nikamwambia, "Ni papa amenituma." Macho yake yakalowa. Nililala vizuri usiku ule, nikijiona mtu mzima.

Pasaka ikaja. Jirani alimwomba mama aniruhusu niende naye kwenye kumbukumbu ya mashujaa wao, katika ukumbi nyuma ya baa. Watu kama thelathini walisimama, kila mmoja amebandika yungiyungi la karatasi kifuani. Jirani akatoa mkobani daftari la kijani, akalifungua, akaanza kusoma majina.

Nilingoja wenye majina waitikie. Hakuna aliyeitikia. Alisoma jina, kimya, akasoma jingine, kimya, na wanaume wakubwa wakatazama sakafu. Nikaelewa kwamba wote walikuwa maiti. Sikujua kwamba alikuwa amenunua madaftari kadhaa ya aina moja dukani. Nilijua tu kwamba daftari la kijani lilikuwa na jina la baba, kwamba mimi ndiye niliyeliweka, na kwamba siku moja ataufikia ukurasa ule.

Siku zile baba akichelewa kurudi, nilisimama dirishani. Buti za mtu yeyote ngazini zilikuwa za askari. Siku ya nne sikuweza tena. Nilipandisha makaa, nikayamwaga kwenye sanduku lake, na jirani alipogeuka nikatia daftari ndani ya ndoo tupu nikatoka. Mchana ule mvua ilikuwa inanyesha. Nililitupa mferejini, likakataa kuzama. Likafunguka juu ya maji kama mkono. Nikaliponda kwa mawe mpaka likaenda chini.

Alilitafuta kwa siku nyingi. Aliniomba hata mimi niangalie chini ya jiko, kwa kuwa mgongo haukumruhusu kuinama. Nikapiga magoti, nikaangalia.

Akaanza upya. Wengine walikuwa wamehama, wengine walisema walishasaini, hawasaini tena. Kabla hajafika nusu, mama yake akafa, na ndugu yake hakuruhusiwa kwenda kuzika. Sisemi daftari lile lingefungua mlango wa gereza. Wenye sahihi nyingi kuliko hizo walibaki ndani. Lakini aliomba kitu kimoja, na mimi nilimwondolea miezi aliyokuwa nayo.

Alikuja kwetu amevaa nyeusi. Akamweleza baba kwamba anaendelea, sasa kwa ajili ya wote waliofungwa vile. Baba akanyoosha mkono apokee kalamu.

"Mara ya kwanza niliogopa," alisema.

"Lakini, monsieur," jirani akajibu, "mara ya kwanza ulimtuma mtoto aandike."

Baba aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo tena. Kisha akamwambia, "Oui. Ni kweli. Bon, hii ni ya pili," akaandika jina lake polepole, kila herufi, akamrudishia kalamu. Mlango ulipofungwa akanishika shingoni kwa ule mkono wake mzito. "Twende tukule," alisema.

Nyumba ile imebomolewa, na vijana wa mtaa ule hawajui harufu ya makaa. Jirani alirudi kwao akazeeka huko; nilipata habari za kifo chake kutoka kwa mtu aliyedhani nimeshasikia. Baba naye yuko makaburini, na hakuwahi kuniuliza kwa nini niliandika jina lake. Nilikaa kando ya kitanda chake wiki tatu za mwisho, nikamnywesha maji kwa kijiko, na mara nyingi aliniangalia kama mtu anayesubiri. Nilizungumza habari za hali ya hewa.